MAARIFA YA NYUMBANI: Kipanya na Kiufuate Mkono

Mkulima wa bonde la Rusizi hanunui jembe kwa kulitazama tu. Huushika mpini, huupima urefu wake kwa kimo chake mwenyewe, hulinyanyua jembe mara mbili tatu ili aone kama uzito wake utamchosha kabla ya jua kupanda, na mpini usiomfaa huurudisha kwa fundi auchonge upya. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika naye huchagua kasia vivyo hivyo. Wote wawili wanajua kwamba chombo kisichoafikiana na mwili huula mwili kidogo kidogo, na kwamba mwili ukishaliwa hakuna duka liuzalo mwingine.

Karani wa kompyuta, kwa bahati mbaya, aghalabu hufanya kinyume. Hupokea kifaa alichokikuta mezani au kile kilichokuja sandukuni pamoja na kompyuta, akakitumia kutwa kucha bila kujiuliza kama kilikusudiwa mkono wa ukubwa wake. Kifaa chenyewe ni kile kidogo cha kuuelekeza mshale kwenye skrini, ambacho kwa Kiswahili huitwa kipanya, na ambacho wengi wa Bujumbura hukitaja kwa jina lake la Kifaransa, souris. Kwa kuwa ni kidogo na bei yake si kubwa ikilinganishwa na kompyuta yenyewe, watu hudhani kwamba hakina jambo la kufikiriwa. Dhana hiyo si sahihi.

Gatumba ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huo mdogo uko kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na penye mpaka hapakosi karatasi. Bidhaa zinapopita huhitaji hati, hati huhitaji kuandikwa, na siku hizi huandikwa kwa kompyuta. Idara ya mapato ya Burundi, OBR, hutumia katika kazi za forodha mfumo wa kompyuta uitwao SYDONIA, uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD. Kandokando ya kazi hiyo kubwa ziko kazi ndogo ndogo za maduka ya kupiga chapa na kutoa nakala, yale yaitwayo kwa Kifaransa secrétariat public: barua za kuomba kazi, ankara za wafanyabiashara, vyeti vya shule vinavyonakiliwa, maombi ya kila namna. Mwandishi wa duka kama hilo hubofya mamia ya mara kwa siku, kidole kile kile, mkono ule ule.

Tena mkono huo haupumziki jioni. Mwanamke akirudi nyumbani mkono wa kulia ndio utakaotwanga isombe, utakaokamua nguo zilizofuliwa, utakaosonga ugali wa muhogo, na alfajiri ya Jumamosi ndio utakaoshika jembe. Maumivu yakianza, jamaa husema ni baridi yabisi, au ni umri, au ni jembe. Huenda ni hayo. Lakini huenda pia ni kipanya, na mwenye mkono anapopoteza nguvu za vidole hupoteza kazi mbili kwa pamoja: ile ya mshahara na ile ya nyumbani.

MKONO ULIVYOUMBWA

Ili mtu achague vema, yafaa kwanza ajue kinachotendeka ndani ya mkono. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Upande wa kiganja mifupa hiyo, pamoja na ukanda mgumu uliotandazwa juu yake, hufanya mfereji mwembamba, na katika mfereji huo hupita kano 9 zinazokunja vidole na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio uletao hisi katika kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete.

Mfereji huo hauna nafasi ya ziada. Kifundo kikiwa kimenyooka, kano na mshipa hukaa kwa raha. Kifundo kikipindwa kwenda juu, kama vile mtu anayesimamisha watu njiani kwa kiganja, au kikipindwa kwenda kando, msongo ndani ya mfereji huongezeka. Kupindwa kwa dakika moja si kitu. Kupindwa kwa saa sita, siku tano za juma, mwaka baada ya mwaka, ni jambo jingine.

Lipo na jambo la pili. Kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili. Mtu akinyoosha mkono kama anayetaka kusalimiana na mgeni, mifupa hiyo hulala sambamba. Akigeuza kiganja kitazame meza, kama kipanya cha kawaida kinavyotaka, mfupa mmoja hupita juu ya mwenzake na misuli hufanya kazi kuushikilia hapo. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajabofya lolote, kwa kule kushika kipanya tu, amekwisha kuitumikisha misuli yake.

Madaktari hawajakubaliana kwamba kipanya peke yake ndicho kisababishi cha ugonjwa wa mshipa wa kifundo. Wajawazito, wenye kisukari na wenye maradhi ya tezi ya shingo hupatwa nao zaidi hata bila kugusa kompyuta. Lakini kwamba matumizi mengi ya kipanya huandamana na maumivu ya mkono, kigasha na bega, hilo limeonekana mahali pengi, na hapana haja ya kungojea mabishano yaishe ndipo mtu auhurumie mkono wake.

UMBO LAKE SI AMRI

Watu wengine hudhani kwamba kipanya kilizaliwa na umbo lake na kwamba mkono hauna budi kulizoea. Historia yakanusha. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika taasisi ya Stanford Research Institute, jimboni California, Marekani. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, na aliyekiunda ni mhandisi Bill English. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye pembe, magurudumu mawili tumboni na kitufe kimoja mgongoni. Waya wake uliofanana na mkia ndio uliokipatia jina. Kilionyeshwa hadharani huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Baadaye magurudumu yakaacha nafasi kwa mpira mdogo wa kubiringika, na tangu mwaka 1999 vipanya vya mwanga, visivyo na mpira, vikaanza kuenea. Pembe nazo zikaondolewa, mgongo ukainuliwa, vitufe vikaongezwa. Miaka yote hiyo waundaji walikuwa wakijifunza somo moja, kwamba kifaa hiki ndicho kipaswacho kuufuata mkono. Mnunuzi naye ana haki ya kudai hivyo.

KUPIMA MKONO

Kazi ya kwanza hufanyiwa nyumbani, kabla ya kwenda dukani, na haihitaji zaidi ya rula ya mtoto wa shule. Mtu aweke mkono wake juu ya meza, kiganja juu, vidole vimenyooka na kukaribiana. Apime tangu ncha ya kidole cha kati hadi ule mstari wa kwanza uliopo kwenye kifundo. Mkono usiofika sentimita 17 wahesabiwa kuwa mdogo. Wa kati ya 17 na 20 ni wa wastani. Uliozidi 20 ni mkubwa.

Kisha na afanye hesabu nyepesi: urefu wa kipanya uwe karibu sehemu 6 katika 10 za urefu wa mkono. Mwenye mkono wa sentimita 17 atafute kipanya cha sentimita 10 hivi. Mwenye 19 atafute cha sentimita 11 na nusu. Mwenye 20 atafute cha 12. Hii ni kanuni ya kukadiria tu wala si sheria, lakini humwokoa mtu na makosa mawili yaliyo ya kawaida sana.

Kosa moja ni kipanya kidogo mno. Vile vidogo vya kubebwa mfukoni pamoja na kompyuta ya safari hupendeza macho, lakini mwenye mkono mkubwa akivishika hulazimika kukunja vidole kama makucha ya kuku, kiganja kikibaki hewani bila cha kukiegemeza. Baada ya saa moja vidole huanza kuuma penye viungo. Kosa la pili ni kipanya kikubwa mno. Mwenye mkono mdogo hunyoosha vidole ili vifike kwenye vitufe, husukuma kiganja mbele, na kifundo hupindika kwenda juu. Wanawake wengi walio makarani hupatwa na kosa hili la pili, kwa kuwa vipanya vya maofisini aghalabu hununuliwa vya ukubwa mmoja kwa watu wote.

UMBO, UZITO NA VITUFE

Mgongo wa kipanya kizuri hujaza shimo la kiganja bila kukisukuma. Sehemu yake ya juu kabisa iwe chini ya viungo vya mwanzo vya vidole au nyuma yake kidogo, wala isiwe mbele karibu na vitufe. Ubavuni pawe na mahali pa kidole gumba kupumzika pasipo kubana. Mtu akiona kwamba hawezi kukisogeza kipanya bila kukikaza kwa gumba na kidole cha mwisho, na ajue kuwa ni chembamba mno au kinateleza mno kwake.

Uzito wa gramu 80 hadi 100 wawafaa walio wengi. Kizito sana huchosha kifundo kila kinaponyanyuliwa.

Vitufe viwe vyepesi kubofya, lakini visiwe vyepesi hata vibofyeke kwa uzito wa kidole kilichopumzika. Hapo mtu hukiinua kidole hewani mchana kutwa kwa kuogopa kubofya asichokusudia, na kukiinua huko kwachosha kuliko kubofya. Gurudumu dogo la katikati lizunguke kwa urahisi. Vitufe vingi vya ziada havihitajiki na karani. Hivyo ni vya wachezaji wa michezo ya kompyuta, na huongeza bei bure.

JOTO, VUMBI NA UMEME

Bonde la Rusizi lina joto na, karibu na ziwa, lina unyevu. Vipanya vingine huvikwa ngozi ya mpira laini ambayo siku ya kwanza ni raha tupu kuishika. Ngozi hiyo, katika joto na jasho, baada ya muda huanza kunata kama ulimbo na kushika uchafu. Plastiki ngumu yenye mparuzo kidogo hudumu zaidi na hufutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia kila mahali. Vipanya vya zamani vya mpira vililazimika kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Vya mwanga havina haja hiyo. Hata hivyo, mshale ukianza kurukaruka, kwanza kigeuzwe kipanya, kile kitundu cha mwanga kifutwe kwa kitambaa kikavu, ndipo kulaumiwe kifaa. Tena kipanya cha mwanga hakioni vema juu ya kioo wala juu ya meza ing'aayo. Mtu anayesukuma kipanya kisichotii hukaza mkono bila kujua. Kipande cha kitambaa kizito au cha kadibodi laini kikiwekwa chini yake humaliza shida hiyo bila gharama.

Kuhusu waya, kila upande una hoja yake. Kipanya chenye waya hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta na hakihitaji betri. Lakini waya mgumu au mfupi huvuta mkono, kwa hiyo uwe laini na ulegezwe mezani. Kisicho na waya huacha mkono huru, ila kina betri ya kununuliwa tena na tena, na kile kipokezi chake kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kikipotea, mara nyingi kipanya chote hakina kazi. Kwa duka ambalo meza haihami, chenye waya chatosha na ni rahisi kukitunza.

MWENYE KUTUMIA MKONO WA KUSHOTO

Vipo vipanya vilivyochongwa kwa mkono wa kulia tu, vyenye upande wa ndani uliobonyea kwa ajili ya gumba. Mwenye mashoto akilazimishwa kukitumia hicho kwa mkono wake wa kushoto hukishika kinyume na maumbile. Na amnunulie mzazi mtoto wa namna hiyo kipanya chenye pande mbili zilizo sawa, kisha kazi za vitufe zibadilishwe ndani ya kompyuta. Kwa kuwa kompyuta nyingi za Burundi husomeka kwa Kifaransa, jambo hilo hutafutwa chini ya neno Paramètres, kisha Souris. Wala haipasi kugombana nyumbani juu ya nani atatumia kipi: kompyuta ya kawaida hukubali vipanya viwili vichomekwe pamoja, na vyote viwili hufanya kazi.

Mashoto ana faida moja ambayo wenzake hawaitambui. Kibodi kubwa za ofisini zina sehemu ya tarakimu upande wa kulia, na sehemu hiyo hukisukuma kipanya mbali, hata mwenye kutumia mkono wa kulia akalazimika kuunyoosha mkono kando kama mtu aombaye lifti. Bega lake ndilo lilipalo. Kwa hiyo wapo makarani waandikao tarakimu nyingi ambao, ingawa si mashoto, wamejizoeza kushika kipanya kwa mkono wa kushoto na kuuacha wa kulia kwenye tarakimu. Siku za kwanza ni za kujikwaa, lakini mzigo wa kazi hugawanywa baina ya mikono miwili.

MEZA NA KITI

Kipanya kizuri juu ya meza mbaya ni fedha iliyopotea. Meza iwe na kimo ambacho mtu akikaa, mabega yakiwa yamelegea, kiwiko chake kikae karibu na ubavu na kigasha kilale karibu sawa na meza. Kipanya kiwe kando kabisa ya kibodi na katika usawa mmoja nayo.

Jambo hili lina uzito wake Gatumba. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwahamisha watu wengi, na katika miaka ya 2021 na 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda tena yakaingia katika nyumba na maduka. Mwenye duka aliyeinua meza yake kwa matofali ili vyombo vya umeme visifikiwe na maji amefanya la busara. Lakini kama hakuinua na kiti, mwandishi wake sasa anafanya kazi mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni na kifundo kikikandamizwa na ukingo wa meza. Dawa yake ni mto mgumu wa kukalia, na kipande cha mbao au tofali la kuwekea miguu isining'inie. Ukingo mkali wa meza waweza kufunikwa kwa kitambaa kilichokunjwa.

Vile vijito vya kuegemezea kifundo viuzwavyo madukani visitumiwe wakati mkono unasogea. Ni vya kupumzikia tu baina ya kazi na kazi. Kifundo kikikandamizwa juu yake huku vidole vikibofya, ule mfereji mwembamba hubanwa kutoka chini. Kipanya na kisogezwe kwa kigasha chote tangu kiwiko, wala si kwa kupinda kifundo.

Mwisho, itazamwe kasi ya mshale. Mshale ukiwa mzito, mkono husafiri mwendo mrefu kuvuka skrini. Ukiwa mwepesi mno, misuli hukazwa ili kuulenga mahali padogo. Kasi ya kati ndiyo bora, nayo hurekebishwa pale pale chini ya neno Souris.

KWA WALIOKWISHA KUUMIA

Mtu ambaye mkono wake umekwisha kuanza kuuma anaweza kujaribu kipanya cha kusimama, yaani kile kinachoshikwa kwa ubavu kama mkono wa salamu. Hicho hupunguza ule msokoto wa kigasha, na wengi hukiona chema kwao baada ya juma moja au mawili ya kukizoea. Kiko pia kifaa ambacho hakisogei kabisa, bali mpira wake huzungushwa kwa gumba au vidole. Chaonekana kigeni, lakini ni cha kale kuliko kipanya: mwaka 1952 kilitengenezwa kimoja nchini Kanada kwa ajili ya jeshi la majini, kikitumia mpira halisi wa mchezo wa kuangusha pini. Chafaa mahali ambapo meza ni finyu, ingawa mwenye maumivu ya gumba asichague kile kizungushwacho kwa gumba.

Hata hivyo, vifaa hivyo si dawa. Mtu asiuze mbuzi kukinunua cha bei kubwa akitumaini kuponywa, ilhali meza yake iko vile vile na hapumziki.

Mapumziko ndiyo dawa isiyouzwa. Kila nusu saa mkono uachie kipanya kwa dakika moja au mbili, vidole vifunguliwe na kufungwa, mabega yazungushwe. Kazi nyingi za kipanya pia zaweza kufanywa na kibodi: Ctrl pamoja na C hunakili, Ctrl pamoja na V hubandika, Ctrl pamoja na S huhifadhi. Badala ya kubofya mara mbili, mtu aweza kubofya mara moja kisha akabonyeza Entrée. Karani aliyejifunza njia hizo chache huukinga mkono wake na mamia ya mibofyo kwa juma, tena kazi yake huenda haraka.

Zipo dalili zisizopaswa kuvumiliwa. Ganzi au mchomo wa sindano katika gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, hata mtu aamke akiukung'uta mkono, huku kidole cha mwisho kikiwa salama. Vitu kuanguka mkononi bila sababu. Misuli iliyo chini ya gumba kupungua. Mwenye kuona hayo aende kituo cha afya mapema. Ugonjwa ukiwa mchanga, mara nyingi hutosha kufungiwa kibao cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala. Ukikomaa huweza kuhitaji kupasuliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjamzito apatwaye na ganzi hiyo amweleze mkunga. Mara nyingi huisha baada ya kujifungua, lakini katika miezi hiyo kazi nzito za mkono na apunguziwe na jamaa zake.

DUKANI

Mnunuzi anapofika dukani, awe Gatumba au katikati ya Bujumbura, asione haya kuomba sanduku lifunguliwe. Aketi kama awezavyo, aweke kipanya juu ya kaunta, na kwa dakika tano akifanyie haya: aushushe mkono juu yake akiwa amefumba macho, aone kama vidole vyaangukia vitufe vyenyewe, atazame kama kifundo kimenyooka, akisogeze huku na huko kwa kigasha, abofye mara ishirini mfululizo, akinyanyue na kukiweka chini. Mahali popote panapobana dukani kwa dakika tano patauma ofisini kwa saa tano. Muuzaji anayekataa kifaa chake kishikwe amekwisha kujibu swali la mnunuzi.

Nyumba yenye kompyuta moja na watumiaji wengi na ichague kwa kumfikiria yule akitumiaye kipanya kwa saa nyingi zaidi, si yule mwenye sauti kubwa zaidi. Nao wakuu wa ofisi wanunuao vipanya kwa dazeni wangefanya vema kuwapima kwanza wafanyakazi wao mikono, kisha kuagiza vidogo, vya wastani na vikubwa kwa hesabu ya watu walionao. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja na rula moja. Karani akilala nyumbani juma zima kwa sababu ya mkono, ofisi hupoteza thamani ya vipanya vingi, na nyumbani kwake kinu hukaa kimya.